Nimejenga Iwambi kwa tofali za matundu: nyota nne, ya tano imebaki kwenye kona ya jikoni

Mimi nauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya, mwaka wa 17 huu. Gunia nalijua, mizani naijua, na mteja atakayetafuna punje tatu kisha aondoke bila kununua namjua akiwa bado mlangoni. Ujenzi siujui. Kwa hiyo haya yasomeni kama maneno ya mtu aliyetoa hela yake, akakaa saiti miezi minne juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauliza maswali mpaka mafundi wakambandika jina la Mama Kwanini.

Pale Uyole kuna yadi inayofyatua tofali za matundu, inchi 8, na ukitaka wanakupa na mafundi wao wa kujenga kwa kupitisha nondo ndani ya ukuta. Wanaiuza kama nyumba ya kuhimili tetemeko. Jina siliandiki, maana nitasema mazuri na nitasema mabaya, na mwenye yadi tunakutana kanisani kila Jumapili. Kibao chake kimeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA ISIYOTIKISIKA. Hapo ndipo tulipoanza kubishana, hata bei hatujaitaja. Nikamwambia, baba, ardhi ikitikisika hiyo nyumba itakuwa imeenda wapi isitikisike? Akacheka, akanipa kiti.

Watu wengi wameniuliza kwa nini nimehangaika hivi wakati Mbeya nzima imejaa nyumba za tofali za kuchoma ambazo zipo tangu enzi. Jibu langu liko Kyela. Desemba 2009 nilikuwa kwa dada yangu, amejifungua. Mitetemeko ilikuwa imeanza mapema mwezi ule, chimbuko lake Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Ilifika mahali tukaizoea. Siku inapita kimya, halafu jioni vyombo kabatini vinaanza kusemeshana, tunanyamaza, vinanyamaza, tunaendelea kula. Usiku wa kuamkia tarehe 20, saa nane na dakika zake, ukaja mkubwa. Ulikuwa wa 6.0, hilo tulilijua baadaye. Nilimbeba mtoto, dada akashika shuka, tukatoka pekupeku. Nilipogeuka kuangalia nyumba niliona nyota mahali ambapo hapakutakiwa kuonekana nyota. Gebo nzima ya upande mmoja, ile pembetatu ya juu ya ukuta, ilikuwa imelala juu ya bafu la nje. Mabati yamebaki juu yameshikwa na kenchi, chini yake hamna kitu. Ingeangukia ndani, kitanda cha mzazi ndicho kilichokuwa pale.

Asubuhi tukaona mengine. Kuta za chini zilikuwa zimesimama, lakini kila kona ilikuwa na ufa umeshuka wima toka juu, kama mshono wa shati uliofumuka. Kila ukuta ulikuwa umesimama kivyake. Na msiniletee ule msemo wa ufa na ukuta, nimeusikia kwa kila fundi aliyewahi kuniomba kazi.

Kijana wangu wa pili anasoma MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Iyunga, na tangu nianze ujenzi ananitumia sauti za WhatsApp ndefu kuliko mahubiri. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye dhana kwamba tetemeko ni mambo ya Kyela. Anasema Bonde la Ufa linapofika kwetu linagawanyika: mkono mmoja unakwenda Rukwa, mwingine unashuka Ziwa Nyasa, mwingine unaelekea Usangu, na katikati ya njia panda hiyo ndipo imekaa Rungwe na ziwa la Ngozi, ambalo ni shimo la volkano. Mbeya imejengwa hapo hapo. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la 7.4 upande wa Rukwa, kubwa kuliko yote Afrika Mashariki katika karne nzima iliyopita. Lile la Bukoba la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, ambalo wote tulilitazama kwenye taarifa ya habari, majengo ya shule ya Ihungo yakiwa yamebomoka, lilikuwa 5.9. Ukisikia 5.9 na 7.4 unaona ni namba za jirani. Kijana akanikokotolea: nguvu iliyotoka Rukwa ni zaidi ya mara 150 ya ile ya Bukoba. Sikulala vizuri siku ile, nawaambia ukweli.

Turudi kwenye bidhaa.

Tofali lao lina urefu wa sentimita 40, upana 20, kimo 20, na matundu mawili makubwa yanayopokea ngumi yangu pamoja na saa ya mkononi. Nililikwaruza kwa msumari, likatoa mstari mwembamba, halikutoa unga. Nililiangusha toka kiunoni kwenye ardhi ngumu likalia ngo, likabaki zima. Nililipeleka nyumbani nikaliloweka usiku kucha, asubuhi ncha zake zilikuwa kali vile vile. Wanatumia mashine ya kutetemesha, na wanayo maturubai na tanki la maji la kumwagilia. Mimi nilichukua mzigo Julai, na mnaijua baridi yetu ya Julai, simenti nayo inazubaa kama watu. Hawakunipa tofali la chini ya siku 21, ingawa nilikuwa nawasukuma. Hapo niliwaheshimu. Mfanyabiashara anayekataa hela yako kwa sababu mali haijawa tayari ni wa kumtunza.

Bei ilikuwa shilingi 1,900 kwa tofali, na nyumba ya vyumba vitatu na fremu za maduka mbele ilikula tofali 1,850. Usafiri ni juu yako. Kutoka Uyole mpaka Iwambi, lori linavuka mji mzima kwenye foleni ya malori ya Tunduma, na vijana wa kupakua wanarusha tofali kama wanarusha matikiti. Nilihesabu zilizovunjika: 63. Yadi ikanirudishia 40, zile 23 wakasema ni bahati ya barabara. Nusu nyota niliikata palepale, nikaja kuirudisha baadaye kwa sababu ya mchoro, nitaueleza.

Sasa kwa nini matundu. Aliyenielewesha ni fundi mkuu wa yadi, mzee mmoja wa Rungwe mpole sana, na alinielewesha kwa magunia yangu mwenyewe. Alikuja dukani kuchukua malipo ya awali akakuta nimepanga magunia kumi kwenda juu. Akauliza, la chini linaumia? Nikasema haliumii, ongeza hata mawili. Akaweka kiganja kwenye la juu, akalisukuma kwa pembeni kidogo tu, mimi nikapiga kelele.

"Hilo ndilo tofali, mama mchele," akasema. "Ukilikandamiza linavumilia. Ukilivuta au ukalisukuma ubavuni, linaachia."

Tetemeko halikandamizi. Linaichota ardhi chini ya nyumba kwenda upande, ukuta kwa uzito wake unabaki nyuma, kabla haujafika ardhi inarudi. Ukuta ukiwa mzito zaidi, unajivuta wenyewe kwa nguvu zaidi. Unaosukumwa kwa ubapa unapinda na kulala kama ile gebo ya Kyela. Unaosukumwa kwa urefu wake unapasuka mshazari, na kwa kuwa ardhi inakwenda na kurudi, nyufa zinakatana kati ya dirisha na dirisha, ule mkasi anaouchora mwalimu kwenye daftari la aliyekosa. Chuma ndicho kinachopenda kuvutwa. Kwa hiyo unakipitisha ndani ya tundu kikiwa kimeshikwa tangu msingini, unajaza uji wa zege, na tofali, zege na nondo vinakuwa kitu kimoja: huyu anabeba kukandamizwa, yule anabeba kuvutwa. Ukuta unaweza kupata nyufa, hata nyingi, ila haumwagiki juu ya aliyelala. Hicho tu ndicho nilichokuwa nanunua. Kile kibao kingeandikwa hivyo kingekuwa cha kweli, ila nakubali kisingevutia.

Na sio jambo la majaribio. Kijana wangu alinisimulia Long Beach, kule California, tarehe 10 Machi 1933. Tetemeko la 6.4, dogo kuliko letu la Rukwa kwa mbali, lilipiga jioni na kuangusha majengo ya matofali yasiyo na chuma, shule zikiwa nyingi kati yake. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wanafunzi wengi walipona kwa kuwa walikuwa wameshaenda nyumbani. Ndani ya mwezi mmoja tu wenzetu wakapitisha sheria ya majengo ya shule, na ukuta wa tofali usio na nondo ukaanza kupigwa marufuku huko. Mafundi wa Uyole wanarithi somo la miaka 90 na zaidi.

Kazi ya saiti ilianza vizuri sana. Kozi ya kwanza waliipanga kavu, bila udongo wa simenti, nyumba nzima, ili kuona kama kila nondo iliyochomoza kwenye msingi imekutana na tundu lake. Hapa ndipo penye utamu na uchungu wa tofali hizi. Kosa la sentimita tano kwenye msingi linakufuata mpaka juu, maana nondo ikichomoza mahali pasipo na tundu, hakuna tofali litakaloivaa. Zilikosea mbili. Kijana mmoja alishika bomba akataka kuzipinda ziingie kwa nguvu, mzee akamzuia, akapasua zege pale, akazipanda upya. Siku nzima ilikwenda na hakunidai hata mia.

Nondo za wima ni za milimita 12. Zimekaa kwenye kila kona, kila makutano ya kuta, kila upande wa mlango na dirisha, na kwenye ukuta mrefu kila baada ya tofali tatu, yaani mita 1 na sentimita 20. Matundu 38 kwa jumla, mengine yote yamebaki wazi. Pale nondo inapounganishwa na mwenzake zinapishana sentimita 60, mara 50 ya unene wake. Mzee alikuwa na fimbo aliyoikata kwa kipimo hicho, anapita nayo kama mwalimu wa zamu. Juu ya madirisha na juu kabisa chini ya kenchi wanaweka tofali la mfereji, limekatwa katikati, nondo zinalala ndani, zege linamwagwa, ndio mkanda. Nilichofurahia ni kona. Nondo za mkanda hazikomei konani. Zinapinda na kuingia ukuta wa pili, na za ukuta wa pili zinapinda kuja wa kwanza, kama watu wawili walioshikana viwiko. Nilisimama pale muda mrefu nikiikumbuka kona ya dada yangu.

Uji wa zege una kokoto ndogo kama maharage na ni mwepesi, unamiminika. Hawajazi tundu lote kwa mkupuo mmoja. Wanajenga kozi sita, wanamimina, wanashindilia kwa kipande cha nondo juu chini juu chini mpaka mapovu yaishe, ndipo wanaendelea.

Sasa niingie jikoni.

Chini ya kila tundu lenye nondo, kwenye kozi ya kwanza, wanaacha kidirisha cha ukubwa wa kiganja. Vijana wanakiita mlango wa panya. Kazi yake ni mbili. Unapojenga, udongo wa simenti unadondoka ndani ya tundu na kurundikana chini, kwa hiyo kabla ya kumimina unaufungua mlango, unakwangua, unatoa takataka zote. Ukishamimina, uji ukichungulia pale chini unajua umefika. Mzee alinifundisha kuwasha tochi ya simu na kuingiza pale, unaona nondo imesimama, unaona sakafu ya msingi imeng'aa. Matundu ya chumbani, sebuleni na chooni nilichungulia yote. Nilikuwa napiga magoti kwenye kokoto, kitenge changu cha saiti kilitoboka.

Jumanne moja mzee akapata msiba Tukuyu. Akawaachia kazi mafundi wawili. Mimi nilikuwa na mzigo wa kutoka Mbarali, nikafika saa tisa. Nikakuta upande wa jikoni umeshamiminwa na milango ya panya yote minne imezibwa vizuri kwa vipande vya tofali na kulainishwa. Nikauliza, mbona mmeziba kabla sijachungulia? Mmoja akasema, mama, tulisafisha, wewe nenda kapumzike. Hilo neno "kapumzike" ndilo lililonizindua. Anayekuuzia mchele akikwambia punje zote ni safi, usihangaike kukagua, unafanya nini? Unakagua.

Nikachukua nyundo ndogo nikagonga ukuta. Kwenye tundu la chooni, lililojaa, inalia du, sauti fupi iliyoshiba. Kwenye kona ya jikoni, chini, ikalia ngo, kama debe. Nikagonga tena mbele yao. Wakaangaliana. Nikawaambia wafungue. Wakakataa, wakasema uamuzi ni wa mzee. Nikamwambia saidia fundi, kijana wa miaka kama 19 hivi aliyekuwa anachanganya zege, mwanangu lete tindo. Akaleta, akafungua yeye. Ndani kulikuwa na chungu ya udongo mkavu, kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti, na juu yake uwazi wa urefu wa kiganja ambapo uji uliishia hewani. Nondo imesimama uchi. Pale chini kabisa, ukuta unapokutana na msingi, ndipo tetemeko linapovuta kuliko pote, na ndipo chuma changu kilipokuwa hakijashikwa na chochote. Ningepiga plasta, ningepaka rangi ya maziwa, ningeweka jiko la gesi mbele yake, nisingejua maisha yangu yote.

Mzee aliporudi Alhamisi hakubishana. Alifungua yote manne, mawili yalikuwa mazima, mawili mabovu. Akabomoa kozi tatu kwenye yale mawili, akajenga na kumimina upya kwa gharama ya yadi, na wale wawili sikuwaona tena saiti. Alinishika mkono akasema "ndaga fijo", asante sana, nikashangaa maana mimi ndiye niliyetakiwa kuomba radhi kwa makelele. Hata hivyo nyota moja imebaki kwenye ile kona. Huduma ambayo thamani yake yote imefichwa ndani ya ukuta haiwezi kutegemea mtu mmoja kutopata msiba. Yadi iwe na karatasi ya kusaini kabla ya kuziba, au picha, chochote.

Kuna jambo jingine lililoniuma, ila silihesabu kuwa kosa lao. Mimi nilitaka fremu tatu mbele, zenye milango mipana ya kukunja. Mzee akakataa kabisa. Akasema upande mmoja wote ukiwa milango, nyumba inakuwa kama sanduku lililotolewa ubavu: nyuma kugumu, mbele kulegevu, likija tetemeko inajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Tukavutana wiki nzima. Mwisho nikapata fremu mbili, na kwenye kila pembe ya mbele kipande cha ukuta cha mita moja na nusu chenye matundu manne ya nondo. Kila mwisho wa mwezi naiwaza kodi ya fremu ya tatu. Na binti yangu naye alitaka nyumba ya kuficha bati, hizi za kisasa ambazo ukuta unapanda juu ya paa. Mzee akamuuliza, unajua ule ukuta wa juu ni nini mjukuu wangu? Ni gebo inayozunguka nyumba nzima. Unaweza kuufunga kwa nondo, ila ni gharama na ni uzito juu ya kichwa. Tukapiga paa la pande nne, gebo hakuna hata moja, na binti kanuna mpaka tulipoweka vigae vya chooni.

Ule mchoro sasa. Mwishoni walinipa karatasi kubwa ya ramani ya nyumba yenye nukta nyekundu 38 na mistari miwili ya mkanda. Nilidhani ni mapambo. Fundi umeme alipokuja na mashine ya kukatia, tayari kuchimba mfereji wa waya kwa ubavu, juu kidogo ya dirisha la sebule, yaani katikati ya mkanda wangu, nilikimbia na karatasi kama mtu wa mahakama. Mabomba ya waya yamepita ndani ya matundu matupu, ukuta haujachimbwa hata sehemu moja, na fundi umeme mwenyewe akakiri amemaliza mapema. Nusu nyota yao ya tofali 23 ikarudi hapo.

Gharama ya ziada, ukilinganisha na nyumba ya ukubwa huo huo yenye msingi na lenta za kawaida, kwa hesabu za daftari langu ni kama milioni moja na laki nne: nondo, simenti ya kujazia, na siku za mafundi zilizoongezeka. Sio hela ndogo. Ni mzigo mzuri wa mchele. Kwa asiyeiweza, jirani yangu hapa Iwambi amejenga kwa tofali za kawaida za inchi 6 kwa njia nyingine ambayo kijana wangu anaisifia sana, ile inayotumika Chile. Unajenga ukuta kwanza, unaacha ncha zake zikiwa na meno, halafu ndipo unamwaga nguzo kwenye kona na pembeni mwa madirisha, zege linaingia kwenye meno na kuung'ata ukuta, juu unafunga na mkanda. Mafundi wengi wa kwetu wanafanya kinyume, nguzo kwanza, ukuta baadaye, na kati yake unabaki mstari ambao hata plasta inauonyesha. Februari 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, na nyumba nyingi za mtindo huo zilibaki zimesimama. Ukipata fundi anayekubali kuacha meno, usione aibu kuchukua njia hiyo. Matundu ni mazuri zaidi kwa aliye na fundi anayejua, na kwa aliye na magoti ya kupiga chini.

Nyumba yangu haijapimwa na tetemeko la kweli, na kwa hilo namshukuru Mungu, sina haraka ya kukamilisha tathmini. Kinachoitikisa kwa sasa ni malori usiku. Hakuna ufa kwenye kona, na nimezipitia zote kwa tochi baada ya masika. Kuna mstari mmoja mwembamba kama unywele chini ya dirisha la stoo, mzee amekuja kuuona, anasema ni plasta imekauka haraka, na ameuwekea alama ya penseli na tarehe ili tuone kama utatembea. Haujatembea.

Mwezi wa tano narudi Uyole kuweka oda nyingine, tofali 600 za ghala la mchele. Nimewaambia malipo ya awali nayatoa kwa masharti mawili. La kwanza, milango ya panya isizibwe mpaka nije na simu yangu. La pili, waniletee yule kijana wa tindo, safari hii akiwa fundi, sio saidia fundi. Mwenye yadi amekubali yote. Kibao tu ndicho alichokataa kukibadilisha.